Washambuliaji warefu: Australia wananunua tunda likiwa bado mtini

KILA Novemba klabu 18 za ligi kuu ya futiboli ya Australia, AFL, hukutana kugawana vijana. Wengi wao wana miaka 18 na ndiyo kwanza wamemaliza shule. Klabu iliyoshika mkia huchagua wa kwanza, bingwa huchagua wa mwisho. Utaratibu huo, unaoitwa drafti, ulianza mwaka 1986, na nia yake ni kumsaidia mnyonge ainuke. Kijana mwenyewe hana sauti. Mzaliwa wa Perth anaweza kuitwa na klabu ya Melbourne, upande wa pili wa bara, na anafungasha.

Miongoni mwa vijana hao hakuna anayewaumiza vichwa wasaka vipaji kama mshambuliaji mrefu, yule wa mita 1.95 kwenda juu. Ni ghali, ni adimu, na siku anayonunuliwa bado hajaiva.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu: si soka wala raga. Kila timu ina watu 18 kwenye uwanja wenye umbo la yai, na mpira nao una umbo hilo hilo. Kila upande kuna nguzo nne. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili za katikati, ni pointi 6. Ukipita pembeni yake, ni pointi 1. Jambo kubwa ni hili: anayeudaka mpira uliopigwa umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, anapewa nafasi ya kupiga bila kubughudhiwa. Mtu anayeweza kuruka juu ya mabega ya wenzake karibu na lango na kuudaka mpira huo anaweza kubeba timu nzima.

Tatizo ni kwamba kijana mfupi mwenye mbio huonyesha thamani yake akiwa na miaka 18. Mrefu bado anaota. Mifupa imekwenda juu, nyama haijafuata, na siku ya kwanza ya ligi anawekewa beki wa miaka 28 mwenye kilo karibu mia moja. Wengi huhitaji miaka mitatu, minne, hata mitano ndipo wasimame. Mfanyabiashara anayenunua parachichi likiwa bado juu ya mti anaijua hesabu hii: bei unalipa leo, mvua na wadudu ni juu yako.

Wala neno biashara si la kwetu kuwabandika. Wenyewe hukiita kile kipindi cha Oktoba, kabla ya drafti, kipindi cha biashara. Klabu hubadilishana wachezaji na hata zamu za kuchagua. Tangu mwaka 2015 zinaruhusiwa kuuza zamu ya mwaka unaofuata, kabla hakuna anayejua itaangukia nafasi ya ngapi. Ni sawa na kuuza mahindi yakiwa yanachanua.

Kuna waliopata faida kubwa. Mwaka 2004 Hawthorn walimchukua Jarryd Roughead kwa zamu ya 2 na Lance Franklin kwa zamu ya 5. Miaka minne baadaye, 2008, Franklin alifunga magoli 113 kwa msimu mmoja na Hawthorn wakawa mabingwa. Miaka minne, tena kwa mchezaji ambaye baadaye alivuka magoli 1,000 katika maisha yake ya uchezaji.

Carlton walipata somo hilo mwaka 2015. Walimchukua Harry McKay, mwenye mita 2.04, kwa zamu ya 10, na Charlie Curnow kwa zamu ya 12. Msimu wa 2016 McKay hakugusa ligi kuu kabisa. Curnow aliumia goti, akakosa msimu wote wa 2020. Klabu yenye haraka ingewauza wote wawili. Mwaka 2021 McKay alichukua medali ya Coleman, ya mfungaji bora, kwa magoli 58. Mwaka 2022 ikaenda kwa Curnow, magoli 64, na 2023 akairudia kwa magoli 78.

Katika miaka ya kungoja, kijana hupelekwa kucheza ligi za chini, hujengwa mwili taratibu, na hurudiarudia upigaji hadi mguu uzoee. Wengine huanzishwa nyuma. Aaron Naughton wa Western Bulldogs alichukuliwa mwaka 2017 kama beki, akacheza msimu wa kwanza nyuma, ndipo akapelekwa mbele. Naona busara hapo: beki huutazama mpira ukimjia, hujifunza utaangukia wapi, na magoli hayadaiwi kwake kila Jumamosi.

Asiyetaka kungoja hununua kilichoiva. Mwishoni mwa 2020 Geelong walitoa zamu tatu za raundi ya kwanza ili wampate Jeremy Cameron, mshambuliaji aliyekwisha kutwaa medali ya Coleman. Mwaka 2022 wakawa mabingwa. Hiyo ni bei ya dukani, na klabu iliyo karibu na ubingwa ina haki ya kuilipa.

Balaa huja pale bei ya tunda lililoiva inapolipwa kwa lililo bichi. Tom Boyd, mwenye mita 2, alikuwa zamu ya 1 ya mwaka 2013, akaenda GWS Giants ya Sydney. Baada ya mechi 9 tu alihamishiwa Western Bulldogs, ambao walimtoa nahodha wao Ryan Griffen pamoja na zamu ya 6. Boyd alikuwa na miaka 19. Mkataba ulikuwa wa miaka saba, na vyombo vya habari vya huko viliripoti thamani ya karibu dola milioni 7 za Australia. Kuanzia hapo kila mpira aliouangusha ulipimwa kwa dola.

Kwenye fainali ya 2016 alifunga magoli 3, na Bulldogs wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1954. Ukihesabu kwa kombe, klabu ilirudishiwa mtaji. Lakini Mei 2019, akiwa na miaka 23 na mkataba haujaisha, Boyd aliacha mchezo. Alikuwa amesema hadharani kwamba anasumbuliwa na afya ya akili. Mtu wa umri huo ndiyo kwanza alikuwa anafikia miaka ambayo McKay na Curnow walianza kuvuna.

Hasara nyingine huanzia kwenye goti. Max King alikatika kano ya goti mwaka 2018, miezi kabla ya drafti. St Kilda wakamchukua hivyo hivyo kwa zamu ya 4. Hakucheza ligi kuu hadi 2020, na majeraha yamemrudia mara kadhaa tangu hapo. Pacha wake Ben, wa zamu ya 6, alikwenda Gold Coast, naye akakatika kano mwanzoni mwa 2022 na kukosa msimu mzima.

Pengo la Ben lilizibwa na Mabior Chol, mzaliwa wa Sudan aliyepitia Misri akiwa mtoto kabla ya familia kufika Australia. Richmond walimpata kwa njia ya wachezaji wa akiba, baada ya drafti kuu kumpita, na kwa misimu kadhaa alikuwa akiingia na kutoka kikosini. Gold Coast wakampa nafasi. Mwaka huo wa 2022 alifunga magoli 44.

Na mwaka ule ule wa 2013, Boyd alipoitwa wa kwanza, zamu ya 44 Sydney Swans walimwita Aliir Aliir. Alizaliwa mwaka 1994 Kakuma, Turkana, katika wazazi wa Sudan Kusini. Wanaopeleka mizigo Juba kwa njia ya Lodwar na Lokichoggio hupita hapo hapo. Mwishoni mwa 2020 aliuzwa kwa Port Adelaide, na 2021 akaingia kwenye timu bora ya mwaka ya Australia nzima. Yeye ni beki. Kazi yake uwanjani ni kuwazuia washambuliaji warefu.