Fundi rangi umempata kwenye simu? Muulize kuhusu vumbi

Morogoro. Kuanzia Kihonda hadi Bigwa, chini ya Milima ya Uluguru, mzazi anayetaka kupaka nyumba rangi upya anaweza kumpata fundi kwa simu tu: picha za kazi, bei, siku ya kuanza. Kinachosahaulika ni vumbi.

Rangi za zamani, hasa za mafuta, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Fundi akipiga msasa mkavu, vumbi hutua sakafuni. Mtoto anatambaa, kisha anatia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mtoto hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Madhara kwenye ubongo yanaweza kuwa ya kudumu.

Kabla hujatuma advansi, muulize fundi:

• Atalowanisha ukuta kabla ya kukwangua?

• Atafunika sakafu kwa turubai?

• Ana cheti? VETA, yenye chuo Kihonda, huwapima na kuwapa vyeti hata mafundi waliojifunzia kazini.

Watoto na mjamzito wakae kwingine hadi chumba kipigwe deki. Usifagie pakavu, vumbi litapaa upya.