Gesi ya kuchomelea nyumbani: inakinga chuma, haimkingi mtoto

Morotonga na kwingineko wilayani Serengeti, mageti, madirisha na vitanda vya chuma mara nyingi hutengenezwa uani kwa fundi, hatua chache tu kutoka jikoni. Mafundi wengi bado wanatumia mashine ya vijiti. Lakini mashine ndogo za MIG, zinazochomelea kwa waya na gesi ya mtungi, nazo zinaingia majumbani. Ikiwa mume wako au kijana wako anapanga kununua mashine ya aina hii, wewe mama au mlezi una haki ya kujua ni gesi gani inaletwa nyumbani, na itawekwa wapi.

Gesi hii inafanya kazi gani?

Chuma kinapoyeyuka, hewa ya kawaida hukiharibu. Kiungo hujaa vitundu na kuvunjika kwa urahisi. Kwa hiyo mashine ya MIG hupuliza gesi kuzunguka mahali panapochomelewa ili hewa isifike. Ndiyo maana huitwa gesi kinga.

Jina hili huwapotosha wengi. Gesi hii inakinga chuma, haimkingi mtu. Haiondoi moshi, wala haizuii mwanga unaoumiza macho. Tena haitaki upepo, kwa sababu upepo ukiipeperusha kiungo kinaharibika. Hapo ndipo hatari inapoanza: fundi hufunga mlango na dirisha ili kazi yake itoke vizuri, na moshi pamoja na gesi vinabaki ndani na watu.

Aina za gesi na ipi inafaa

- Kaboni dayoksaidi peke yake. Inafaa kwa chuma cha kawaida cha mageti na madirisha, na kwa kawaida ndiyo ya bei nafuu. Ubaya wake ni kwamba hurusha cheche nyingi na hutoa moshi mwingi kuliko gesi ya mchanganyiko. Sehemu yake pia hugeuka kaboni monoksaidi kwenye joto kali la kuchomelea, gesi ileile yenye sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa.
- Mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi. Mara nyingi agoni huwa asilimia 75 hadi 80. Hutoa cheche chache na moshi kidogo, na inafaa kwa chuma chembamba. Bei yake huwa juu zaidi.
- Agoni peke yake. Hii ni ya alumini. Usikubali kuuziwa kwa ajili ya geti la chuma cha kawaida, maana kiungo hakitashika vizuri.
- Waya usiohitaji gesi. Una dawa ndani yake inayokinga chuma. Unakuondolea gharama na hatari ya mtungi, na unafaa kwa kazi ya nje yenye upepo. Lakini moshi wake ni mwingi zaidi, hivyo usitumike ndani hata siku moja.

Kwa familia inayochomelea nje mara chache kwa mwezi, waya usiohitaji gesi unaweza kutosha. Kwa anayefanya kazi kila wiki kwenye banda lililo wazi pande mbili, mchanganyiko wa agoni ni bora kwa mapafu yake kama fedha inaruhusu. Kama nafasi pekee mliyo nayo ni chumba cha kulala au sebule, jibu ni kutochomelea humo, iwe kwa gesi yoyote.

Unaponunua mtungi

1. Soma jina kwenye lebo. Usitegemee rangi ya mtungi, kwani inaweza kutofautiana kati ya muuzaji na muuzaji. Mtungi usio na lebo usinunue.
2. Angalia tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye bega la mtungi. Kataa mtungi wenye kutu iliyokula chuma, uliobonyea au wenye valvu iliyopinda.
3. Pima uzito wa mtungi wa kaboni dayoksaidi. Ndani yake gesi hii ni kimiminika, kwa hiyo mshale wa geji hausemi kiasi kilichobaki mpaka inapokaribia kwisha. Toa uzito wa mtungi mtupu, uliogongwa kwenye chuma, kutoka uzito wa mizani. Kinachobaki ndicho unacholipia. Kwa mtungi wa agoni, geji inaonyesha kiasi kilichomo.
4. Piga hesabu ya matumizi. Kilo 10 za kaboni dayoksaidi hutoa takriban lita 5,400 za gesi. Mashine ikitumia lita 12 kwa dakika, hiyo ni kama saa saba na nusu za kuchomelea bila kupumzika. Mtungi wa agoni wa lita 10 uliojazwa hadi baa 150 una takriban lita 1,500, sawa na saa mbili tu.
5. Nunua regulata ya gesi hiyohiyo. Ikikataa kuingia, usiilazimishe.
6. Usitumie mtungi wa gesi ya kupikia wala wa oksijeni. Gesi ya kupikia inalipuka, na oksijeni huchochea moto.

Kama mtungi unatoka mbali, mfano Musoma au Mwanza, usisafirishwe ndani ya gari lililofungwa vioo pamoja na abiria, wala kwenye bodaboda. Ufungwe imara kwenye gari la wazi, kofia ya valvu ikiwa juu yake.

Kwa nini watoto wako hatarini zaidi?

Kaboni dayoksaidi na agoni ni nzito kuliko hewa. Hazionekani wala hazina harufu ya kukushtua. Mtungi ukivuja chumbani usiku, gesi hutuama chini, pale ambapo mtoto anatambaa au amelala kwenye mkeka.

Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaijua hatari hii vizuri. Huko kaboni dayoksaidi hutoka ardhini kwenye eneo la volkano na kutuama mabondeni na mashimoni. Wanaiita mazuku, na imeua watu na mifugo. Mtu mzima aliyesimama anaweza asidhurike mahali ambapo mtoto mfupi anazimia. Hapa kwetu Tanzania, gesi hiyo ya asili huvunwa Kyejo, wilayani Rungwe, na kutiwa mitungini. Ndani ya mtungi ina faida, lakini ndani ya chumba kilichofungwa inaua.

Kwa hiyo:

- Weka mtungi nje ya nyumba, kivulini, ukiwa wima na umefungwa kwa mnyororo. Ukianguka na valvu ikikatika, hutoka mbio kama kombora.
- Funga valvu kila kazi inapokwisha. Paka maji ya sabuni kwenye maungio. Ukiona mapovu, unavuja.
- Ukimkuta mtu ameanguka kwenye chumba chenye mtungi, usikimbilie ndani. Piga kelele upate msaada, fungua milango na madirisha ukiwa nje, na piga 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji.

Moshi na mwanga

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilihitimisha kuwa moshi wa kuchomelea unasababisha saratani kwa binadamu. Watoto na wajawazito wakae mbali nao kabisa. Kitambaa puani hakiuzuii.

Wengi wanaamini kwamba kunywa maziwa husafisha kifua cha fundi. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni na moshi huenda kwenye mapafu. Kinachosaidia ni hewa inayopita: chomelea nje, fundi asiinamie moshi, na upepo uutoe pembeni. Kikingio cha turubai kiwekwe karibu na kazi upande upepo unakotoka, si kufunga banda lote.

Bomba na bati lenye zinki huleta homa ya moshi wa chuma. Saa chache baada ya kazi, mara nyingi usiku, fundi hutetemeka, huumwa viungo na kichwa, kama mwenye malaria. Kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Hata hivyo usibahatishe. Mpeleke akapimwe malaria na mwambie mhudumu kwamba alichomelea mabati.

Mwanga nao huchoma macho ya mtoto anayechungulia. Maumivu huanza baadaye, kama mchanga machoni. Usitie maziwa ya mama, wala kuweka kiazi. Mweke mahali penye giza, mfunike kitambaa safi chenye maji baridi, na asisugue.

Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na baba anawe na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Nenda kituo cha afya haraka ukiona:

- mtu anapumua kwa shida, amechanganyikiwa au amezimia;
- kichwa kinauma na kuna kichefuchefu kwa watu kadhaa waliokuwa karibu na kazi;
- mjamzito ameumwa kichwa au kizunguzungu baada ya kuvuta moshi;
- macho yanauma zaidi ya siku moja, au haoni vizuri;
- homa ya mtoto, ya aina yoyote.

Kabla fedha haijatoka, kaeni pamoja mjibu maswali matatu: mtatumia gesi gani, mtungi utakaa wapi usiku, na watoto watakuwa wapi kazi ikiendelea? Kama swali moja halina jibu, mashine isubiri.