Joto na Kumbukumbu ya Sumaku

Sumaku hujulikana na wengi kwa tabia yake ya kuvuta chuma, walakini adui yake mkubwa hajulikani sana. Adui huyo ni joto. Katika mwaka 1895 mwanachuoni wa Kifaransa, Pierre Curie, alionyesha kuwa madini yenye usumaku yana mpaka wa joto, na mpaka huo ukivukwa usumaku hutoweka. Mpaka wa chuma ni nyuzi 770 za sentigredi. Wa kobalti hupita nyuzi 1,100. Wa nikeli ni karibu nyuzi 360 tu.

Sababu yake si ngumu kufahamika. Kila atomu ya chuma ni mfano wa sumaku ndogo. Atomu zikielekea upande mmoja, nguvu zao huungana. Joto nalo ni mtikisiko wa atomu hizo hizo. Mtikisiko ukishinda umoja wao, kila moja huelekea upande wake. Chuma kikipoa, atomu hupatana tena, ingawa mwelekeo wa kwanza waweza kuwa umekwisha kupotea.

Madhara ya namna nyingine huonekana katika tando nyembamba zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Katika mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kuwa matabaka ya chuma na kromi yakipishana hubadili sana upitaji wa umeme yanapokaribiwa na sumaku. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2007. Unene wa tabaka moja la namna hii ni sawa na unywele wa mtu uliopasuliwa mara elfu nyingi. Tangu mwaka 1997 tando za jinsi hii zilitumika kusoma maandishi ya sumaku katika sahani za kompyuta.

Utando wa namna hii huharibika kabla mpaka wa Curie haujafikiwa, kwa kuwa joto huzipa atomu uwezo wa kuhama. Nikeli na shaba nyekundu hupatana kama sukari na chai: zikipashwa moto huingiana, na mpaka kati ya matabaka hufutika. Kobalti na shaba nyekundu ni kama mafuta na maji, hazipendi kuchanganyika. Kwa hiyo matabaka yake hustahimili zaidi. Hata hivyo hayakusalimika kabisa, maana joto likizidi, tabaka la shaba hutoboka, na kobalti ya juu hugusana na ya chini. Hasara hii ni kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu kupoza hakurudishi matabaka yaliyovunjika.

Hatari ya tatu haihitaji tanuri. Maandishi katika sahani ya sumaku hushikwa na chembe ndogo mno za mchanganyiko wa madini. Kadiri chembe inavyopunguzwa, ndivyo nguvu inayolinda mwelekeo wake inavyopungua. Ili maandishi yadumu miaka kumi, nguvu hiyo yapasa kuwa yapata mara 60 ya nguvu ya mtikisiko wa joto. Ikishuka hadi mara 25, chembe yaweza kupinduka kwa muda wa dakika moja hivi, katika joto la kawaida la chumba. Hapo hati ya mahakama au cheti cha mgonjwa hufutika pasipo mkono wa mtu.

Katika mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitia utando wa rutheni, wenye unene wa atomu tatu tu, kati ya matabaka mawili ya sumaku, ili yaelekee pande zilizo kinyume na yasaidiane kustahimili joto. Njia nyingine ni kutumia chembe za chuma na platini, ambazo hushika mwelekeo wao kwa nguvu nyingi. Lakini chembe ngumu kupinduliwa na joto ni ngumu pia kuandikwa. Kwa hiyo mwali mdogo wa leza hupasha doa moja hadi karibu na mpaka wa Curie, maandishi hutiwa, na doa hupoa mara moja. Hivyo joto lile lile linalofuta maandishi limefanywa kuwa msaidizi wa kuyaandika, mradi lije mahali pake na liondoke kwa wakati wake.