Kwa nini makuta yanalala ndani ya visanduku vya fundi radio



Wengi wenu munajua ya kuwa sisi wanne wa mwaka wa mwisho tuko na likelemba yetu tangu mwaka jana. Tulikata shauri kwamba, kiisha mtihani wa Serikali, tutafungua kaduka ka vipande vya radio na ampli hapa Bunia. Tuliona soko limejaa simu, chaja na taa za jua, lakini mtu akitafuta kipande kimoja kidogo cha kutengenezea ampli yake, anazunguka mji mzima. Tukasema: kazi njo hii, hakuna wa kushindana nasi!

Mbele ya kutoa makuta, mwalimu moja alitushauri tukamuulize fundi mzee anayefanya kazi ile ile. Tulikaa kwake Jumamosi nzima. Tunaandika hapa mambo tuliyojifunza, kwa sababu tunasikia kuko wengine wenye mawazo kama yetu.

Fundi alituuliza swali moja tu: «Watoto, kiriya akija kuomba rezistansi, ataomba ya namna gani?» Tulinyamaza. Akasema: «Hata mimi sijui, na niko hapa miaka mingi.»

Shida yote imelala pale. Rezistansi ni kale kapande kembamba kenye mistari ya rangi, tulikokasoma katika fizika. Viwanda vinaitengeneza kwa kufuata ngazi ya hesabu 12: 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68, 82. Kiisha ngazi inaanza tena: 100, 120, 150, na kuendelea. Kutoka om 10 mpaka kukaribia om milioni moja kuko ngazi tano kama hiyo. Tano mara 12 ni namna 60. Na Kampala hawakuuzii moja moja, wanauza paketi ya mia. Basi duka lenye rezistansi zote linapashwa kuwa na vipande 6,000, na hapo hujagusa kondensateri wala transistori.

Tuseme paketi moja ni dola moja. Hiyo ni dola 60 za likelemba yetu. Mwaka mzima wateja wataomba labda namna 10, na paketi zile 50 zingine zitabaki kimya. Usipokuwa nazo, siku mtu anapoomba ya 39 anakuona hauna kitu, anaenda, harudi tena. Ukiwa nazo, makuta yako yamekufa ndani ya kisanduku. Fundi alitupigia mkono juu ya visanduku vyake, akacheka: «Hii njo benki yangu. Inapokea, haitoi.» Mwenye kuuza sukari hajui taabu hii, gunia lake linaisha katika juma, analeta lingine.

Halafu kuko safari. Vipande vingi vinatoka China, vinashuka melini Mombasa, vinapanda na lori zaidi ya kilometa 1,000 mpaka Kampala. Toka Kampala vinapita mpaka wa Goli na Mahagi, ao vinavuka Ziwa Albert mpaka Kasenyi. Barabara ya taifa namba 27, ile ya Mahagi, inapita Djugu, na tangu mwisho wa 2017, machafuko yalipoanza tena kule, magari yamesimama mara nyingi. Mteja anangoja kipande cha franka kidogo, na kipande kinangoja barabara. Ongeza duane, mizigo, na tikiti ya mwenye kusafiri. Fundi anatuma watu wa bidhaa zingine wamnunulie, lakini hao hawajui kazi. Siku moja walimletea transistori nzuri sana ya radio. Yeye aliagiza ya ampli. Kwa macho yao zote ni miguu mitatu.

Jambo lililotushangaza zaidi ni vitu vya uongo. Ampli nyingi za zamani za makanisa zinatumia transistori inayoitwa 2N3055. Ina umbo la chuma kama jani nene, na kwa kitabu inaweza kupitisha ampere 15. Ndani yake kuko kipande cha silisi, na kipande hicho kinapashwa kuwa kikubwa ili moto utoke vizuri. Wadanganyi wanaweka kapande kadogo ndani ya chuma kile kile, wanaandika namba ile ile juu. Kwa macho huwezi kuitambua, hata mita inasema ni nzima.

Fundi alinunua 20. Akaweka mbili katika ampli ya kanisa moja, akaijaribu kwa sauti ndogo, ikaimba vizuri. Siku ya Mungu kwaya ilipofungua sauti yote, transistori iliungua, umeme ukapita moja kwa moja ndani ya bafle, na bafle ikaungua pia. Wazee wa kanisa hawakumuuliza muuzaji wa Kampala, walikuja kwake. Alilipa bafle kwa miezi mitatu. Tulimuuliza kwa nini hakukataa. Akasema: «Papa, mji ni mdogo.» (Anatuita papa hata sisi watoto.)

Kwa kweli tulirudi kimya. Moja wetu alitaka tugawanye makuta pale pale njiani. Kiisha kuongea siku mbili, tulikubaliana hivi: hatutafungua duka. Tutaweka meza ya kutengeneza, karibu na fundi, kwa ruhusa yake. Vipande tutanunua vile tu tulivyoandika katika daftari kwamba vimeombwa mara tatu. Ampli zilizokufa tutazinunua na kuzikata, kwa sababu kipande kilichofanya kazi miaka 20 ndani ya ampli ya kweli si cha uongo. Kwa kazi hii dola 80 zinatosha kuanza. Zingine zinabaki katika likelemba.

Fundi alitukatia kwa msumeno transistori mbili, ya kweli na ya uongo, mukaone tofauti ya silisi kwa macho yenu. Ziko katika kopo la maziwa juu ya meza ya chumba cha fizika. Musizichukue, tunapashwa kumrudishia.