Mnunuzi Asiyejitaja

Vijana wetu wa Kimali, mkoani Simiyu, wamezoea kumwona wakala wa pamba na mizani yake. Tajiri aliyemtuma haonekani. Siku hizi majina ya tovuti nayo huuzwa vivyo hivyo: dalali huandika kuuliza bei, na mwenye fedha hajitaji. Naye aweza kuwa mkubwa: mwaka 2010 kampuni ya Facebook ilinunua jina fb.com kwa chama cha wakulima wa Marekani, nacho kikatangaza pato la dola milioni 8.5.

Je, yafaa kujificha hivyo? Uwakala ni halali. Mtume (S.A.W.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari amnunulie kondoo; akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarejea na kondoo na dinari, akaombewa baraka. Kutomtaja aliyekutuma si dhambi. Dhambi ni kusema uongo, na kuzua wanunuzi wa bandia ili bei ipande.

Basi muuzaji apime thamani ya jina lake, asipime unyonge wa dalali. Masharti yaandikwe. Fedha ziwekwe kwanza kwa mwaminifu wa kati, ndipo atoe namba ya siri ya kuhamishia jina. Akataaye amana hiyo, na aachwe aende zake.