Kutengea, kugawia na kugawana: nani huamua zamu katika mtandao wa kompyuta?

Mtafsiri wa matini za mitandao ya kompyuta hukutana mapema na mzizi mmoja usiokwisha kurudi. Muda hugawanywa, uwezo wa njia hugawiwa watumiaji, watumiaji hugawana kasi. Kwa kuwa maneno hayo ni ndugu, ni rahisi kuyatumia kana kwamba yana maana moja. Hayana. Kila kiambishi kinachoongezwa kwenye mzizi hubadili jibu la swali ambalo wahandisi wa mitandao hulijali kuliko mengine: njia ikiwa haiwatoshi wote kwa wakati mmoja, ni nani aamuaye nani aitumie, na lini?

Mkazi wa Tanzania anaujua mgao wa umeme: mtaa huu hupata asubuhi, ule jioni, kwa ratiba iliyopangwa na mtoa huduma. Mtandao wa simu za kizazi cha pili, yaani GSM, hufanya jambo la namna hiyo kwa kasi isiyohisiwa na binadamu. Mkondo mmoja wa redio wenye upana wa kilohezi 200 hukatwa katika mizunguko ya milisekunde 4.615, na kila mzunguko huwa na vipindi 8. Katika mpangilio wa kawaida, simu inayopigwa hupewa kipindi kimoja cha kila mzunguko: hutuma sauti kwa muda usiofika milisekunde moja, hungoja vipindi saba vya wengine vipite, kisha hutuma tena. Anayesikiliza hatambui kukatika kokote.

Kitenzi kinachostahili hapa ni kutengea. Kilichotengwa hakiguswi na mwingine. Hata msemaji akinyamaza akitafuta neno, kipindi chake hubaki chake na hakipewi simu nyingine. Kugawia pia hufaa, kwa sababu kiambishi cha kutendea humdokeza mgawaji aliye juu ya wapokeaji, naye hapa ni mtambo wa kampuni ya simu.

Intaneti ilijengwa kwa fikra tofauti. Data hukatwa katika pakiti, na pakiti hazikutengewa nafasi yoyote. Zinapofika kwenye ruta nyingi kuliko njia inavyoweza kupitisha, hupanga foleni, na foleni ikijaa, nyingine hutupwa. (Neno foleni lenyewe linatajwa na wengi kuwa limetokana na amri ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange, hakuna afisa wa namna hiyo katika intaneti.) Kipindi cha kimya cha mtu mmoja huwa nafasi ya mwingine. Huko ndiko kugawana: kiambishi cha kutendana kinaonyesha kwamba wanaopokea ndio haohao wanaogawa.

Kugawana bila mgawaji kuna hatari yake. Mnamo Oktoba 1986, kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, umbali wa mita zisizofika 400, kasi ya data ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Njia haikukatika. Kompyuta zilizocheleweshewa majibu zilidhani pakiti zimepotea, zikatuma nakala, na nakala hizo zikazidi kuijaza foleni. Van Jacobson na Michael Karels walitafuta dawa, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1988: kila kompyuta ianze polepole, iongeze kasi kidogo kidogo, na ionapo dalili ya pakiti kupotea ipunguze kwa kiasi kikubwa. Hakuna mgawaji aliyeongezwa. Kila mtumaji alifundishwa kujizuia.

Kosa la kuchanganya vitenzi hivi huweza kumgharimu mtu fedha. Chukua mkataba unaosema kwamba laini ya megabiti 20 “imegawanywa kwa wateja kumi”. Msomaji ataelewa kwamba megabiti 2 ni zake daima. Ikiwa kwa kweli wateja hao wanagawana laini, mmoja aweza kuzipata zote 20 usiku wa manane, na asipate hata mbili saa mbili usiku majirani wanapotazama video. Sahihi ni “laini wanayogawana wateja kumi”. Na penye dhamana, “megabiti 2 zilizotengewa kila mteja”.

Limebaki tendo la ruta la kuchagua pakiti ipi itangulie kutoka kwenye foleni. Baadhi ya matini huliita kupanga ratiba. Tafsiri hiyo yafaa kwa GSM, ambako vipindi hujulikana kabla havijafika. Kwa ruta inapotosha, kwani ratiba huandikwa kabla ya safari, ilhali ruta huamua pakiti zikiwa tayari mlangoni. Kupanga zamu ni bora zaidi, nako ni kufupi.