Kuondoa Ghala la Mtandaoni Katika Kompyuta ya Tawi Bila Kupoteza Daftari la Wanachama



Siku hizi ofisi nyingi za matawi hapa Kampala zinatumia kompyuta. Daftari la wanachama, orodha ya michango inayokatwa katika mishahara, mikataba ya pamoja na waajiri, barua za mashauri, vyote vimo ndani ya mashine. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mara nyingi faili hizo hazikai ndani ya mashine peke yake. Kompyuta ya Windows huja na programu iitwayo OneDrive. Mtu akiiwasha mashine mara ya kwanza huulizwa anwani ya barua pepe. Huiandika, hubonyeza ndiyo, na kuendelea na kazi. Tangu hapo faili zake huweza kupelekwa kwa njia ya intaneti katika ghala la kampuni ya Microsoft. Google Drive na Dropbox zinafanya kazi ya namna hiyo hiyo.

Ghala lenyewe si kitu kibaya. Mashine ikiibiwa au ikiungua, nakala ipo. Lakini mfanyakazi lazima aulize: ghala hili ni la nani, na ufunguo anao nani?

GHALA NI LA NANI?

Mara nyingi jibu ni moja kati ya haya matatu. Kwanza, akaunti ni ya katibu wa zamani. Yeye amekwisha ondoka, lakini daftari la tawi bado linaingia katika simu yake. Pili, kompyuta ni ya mwajiri na akaunti ni ya mwajiri. Hapo msimamizi wa mitambo ya kampuni ana uwezo wa kufungua orodha ya wafanyakazi wanaotaka kujiunga na chama, hata kabla chama hakijatambuliwa. Tatu, akaunti ni ya tawi lakini nafasi ya bure imejaa: OneDrive hutoa gigabaiti 5, Google 15, Dropbox 2. Ikijaa, faili mpya hazipandi tena.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 40, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama au kujiunga nacho. Sheria ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inamtaka kila anayekusanya habari hizo azitunze kwa usalama. Sisi tunakusanya majina, namba za simu na michango ya watu. Wajibu huo ni wetu pia.

Hivyo matawi mengine yameamua kuiondoa programu hii, na ni haki yao. Hatari iko katika haraka.

RISITI SI KAHAWA

Mkulima akipeleka gunia la kahawa katika bohari ya ushirika, hupewa risiti. Risiti ina jina lake na uzito wa gunia, lakini huwezi kuikaanga. Programu hizi zina mtindo huo huo. Ili kuokoa nafasi, huacha katika mashine jina la faili tu, na faili lenyewe hubaki ghalani. Ukilibonyeza huteremshwa papo hapo kwa intaneti, kwa hiyo huoni tofauti. Lakini ukiikata programu, risiti huondoka nayo, na anayetaka faili lake lazima aende ghalani na ufunguo. Kama ufunguo anao mtu mwingine, kazi imekuwa ngumu.

Tuliona maana yake Januari 2021. Wakati wa uchaguzi mkuu intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku zipatazo tano. Aliyekuwa na faili ndani ya mashine alifanya kazi. Aliyekuwa na risiti tu alikaa akazitazama.

Katika OneDrive alama ni hizi. Wingu dogo la buluu karibu na jina la faili maana yake ni risiti tu. Alama ya vema ya kijani maana yake faili limo ndani ya mashine.

HATUA ZA KUFUATA

Maneno ya kwenye kioo huwa ya Kiingereza, kwa hiyo tumeyaandika kama yalivyo.

1. Jua akaunti ni ya nani. Bonyeza alama ya wingu iliyo chini kulia karibu na saa, kisha "Settings". Utaona anwani ya barua pepe. Iandike katika daftari la karatasi. Hakikisha neno la siri lake linajulikana kabla ya kuendelea.

2. Teremsha mzigo wote. Fungua folda ya OneDrive, chagua kila kitu, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha mausi, kisha chagua "Always keep on this device". Ngoja mpaka mawingu yote ya buluu yageuke kijani. Fanya kazi hii siku ambayo umeme upo na bando linatosha. Kama faili ni nyingi, si kazi ya nusu saa kabla ya kufunga ofisi.

3. Nakili, usihamishe. Tengeneza folda mpya nje ya folda ya OneDrive, kwa mfano katika diski C, uiite TAWI. Nakili humo kila kitu. Kisha nakili tena katika flashi au diski ya nje. Kuhamisha ni hatari, kwa sababu unapolitoa faili katika folda ya OneDrive, programu huelewa kwamba umelifuta. Italifuta ghalani na katika kila mashine iliyounganishwa na akaunti hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo, usifute kitu chochote ndani ya folda hiyo kabla programu haijakatwa.

4. Pima. Zima intaneti kabisa. Fungua folda ya TAWI, kisha flashi, ufungue faili kadhaa: daftari la wanachama, hesabu za mwaka, mkataba. Usiridhike na kuona majina, fungua, usome. Awepo mtu wa pili, mwenyekiti au mweka hazina, aone kwa macho yake.

5. Sasa kata. Washa intaneti, rudi katika "Settings" ya OneDrive, zima sehemu ya kuhifadhi folda za Desktop na Documents, kisha bonyeza "Unlink this PC". Baada ya hapo folda ya Documents huenda ikaonekana tupu. Usishtuke. Faili zimebaki ndani ya folda iliyokuwa ya OneDrive, na nakala unayo.

6. Ondoa programu. Ingia katika mipangilio ya Windows, sehemu ya "Apps", tafuta Microsoft OneDrive, chagua "Uninstall".

Kumbuka kwamba kuondoa programu hakufuti vitu vilivyo ghalani. Kama orodha haifai kubaki huko, ingia katika tovuti ya OneDrive kwa neno la siri, uifute hapo, kisha uifute pia katika kapu la takataka, ambalo katika akaunti ya mtu binafsi hutunza vitu kwa siku 30. Akaunti ya mwajiri ni jambo jingine. Huko msimamizi anaweza kuwa na nakala zake. Dawa ni kutoweka karatasi za chama huko tangu mwanzo.

WANAOTUMIA GOOGLE DRIVE

Kuna mtego mmoja hapa. Jedwali au barua iliyoandikwa katika Google yenyewe ni risiti siku zote, hata ukiinakili katika flashi. Ingia katika tovuti, uliteremshe kila moja kama faili la Excel au Word. Jueni pia kwamba tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zilizokaa miaka 2 bila kutumiwa. Daftari lililoachwa katika akaunti ya katibu aliyestaafu halina mlinzi.

LA KUFANYA SASA

Nakala moja si nakala. Iwepo moja katika mashine, nyingine katika flashi iliyofungiwa kabatini, na daftari la wanachama lipigwe chapa katika karatasi. Tawi likitaka kuendelea na ghala la mtandaoni, lifungue akaunti kwa jina la tawi, na neno la siri lijulikane na viongozi wawili, likabidhiwe kwa maandishi uongozi unapobadilika, kama tunavyokabidhi muhuri na kitabu cha risiti.

Katika mkutano ujao wa kamati ya tawi, swali hili liwekwe katika ajenda: daftari letu liko wapi, na ufunguo anao nani? Mwanachama aliyetoa mchango wake ana haki ya kupata jibu.

Umoja ni nguvu.